Ngome za Wales, ngano zake na michoro yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaopenda minara ya mawe, majoka, malenga na wafalme wa kale. Badala ya kuizunguka Ulaya nzima juu juu, nimechagua pembe moja tu: Gwynedd, kaskazini-magharibi mwa Wales. Hapo kuna ngome nne zisizokuwa mbali sana, kila moja imezungukwa na ngano, na wachoraji wamekuwa wakizifuata tangu karne ya 18.

Kwa nini Wales? Ngome nzuri si ziko Ujerumani na Ufaransa?

Ziko, tena nyingi. Ila Neuschwanstein, ile ya Ujerumani inayopamba kila kalenda, ilianza kujengwa mwaka 1869, mwaka ule ule uliofunguliwa Mfereji wa Suez. Ni ndoto ya mfalme aliyezipenda Zama za Kati kama sisi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na hela. Ngome za Gwynedd ni za karne ya 13 kweli, na kumbukumbu za ujenzi wake zimehifadhiwa vizuri kiasi kwamba tunajua hata mikokoteni iliyohitajika.

Ni ngome zipi hasa, na nani alizijenga?

Conwy, Harlech, Caernarfon na Beaumaris. UNESCO iliziingiza pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986, pamoja na kuta za miji ya Conwy na Caernarfon.

Aliyeziagiza ni Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza. Mwaka 1267 Waingereza walikuwa wamemtambua Llywelyn ap Gruffudd kuwa mtawala wa Wales. Miaka kumi baadaye Edward alimshinda vitani na kumpokonya sehemu kubwa ya nchi. Vita vikazuka tena 1282, na tarehe 11 Desemba mwaka huo Llywelyn akauawa karibu na Cilmeri. Mdogo wake, Dafydd, alikamatwa mwaka uliofuata na kuuawa hadharani mjini Shrewsbury kwa kosa la uhaini. Ujenzi wa Conwy ulianza kabla hata Dafydd hajakamatwa. Harlech na Caernarfon zikafuata mwaka huo huo wa 1283. Beaumaris ilikuja 1295, baada ya uasi wa Madog ap Llywelyn, ambaye wafuasi wake waliivamia Caernarfon ikiwa bado haijakamilika.

Fundi mkuu aliitwa James wa St George, mtu wa Savoy, upande wa milima ya Alps. Mfalme alimlipa shilingi 3 kwa siku, maisha yake yote. Ukiitazama minara ya Conwy na Harlech kwa makini utaona safu za vishimo zinazopanda mnara kwa kuuzunguka. Ndimo zilimochomekwa boriti za jukwaa la mteremko, mawe yakapandishwa juu bila kupitia ngazi. Huo ni ufundi wa Savoy, na ni wa kuutazama kwa macho yako, maana picha za simu haziuonyeshi vizuri.

Ilihitaji watu wangapi?

Kuna barua. Februari 1296 James na karani wake, Walter wa Winchester, waliwaandikia wakuu wa hazina ya mfalme kutoka Beaumaris. Kama mnashangaa fedha nyingi namna hii zinakwenda wapi kila wiki, wanasema, basi jueni tunahitaji waashi 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, wahunzi 30, mikokoteni 100, magari makubwa ya kukokotwa 60, na mashua 30 za kuleta mawe na makaa ya mawe. Bado maseremala. Kisha wanaeleza hali ya nchi (watu wa Wales ni watu wa Wales, mnawajua wenyewe), na baada ya kumaliza wanaongeza neno chini: kwa ajili ya Mungu, harakisheni fedha, la sivyo yote yaliyofanyika yatakuwa bure. Ungedhani ni mkandarasi wa leo anayeidai halmashauri.

Fedha hazikutosha. Vita vya Uskoti vilizimeza, na mpaka leo minara ya Beaumaris imeishia katikati. Ajabu ni kwamba kwa ramani yake, ukuta ndani ya ukuta, kila upande ukilingana na mwenzake, ndiyo ngome iliyopangwa vizuri kuliko zote nne. Conwy iligharimu takriban pauni 15,000 na ikakamilika kwa miaka minne hivi.

Watu wa Wales wenyewe wanazionaje?

Kwa moyo wa namna mbili. Thomas Pennant, mwandishi wa karne ya 18 mzaliwa wa Wales, aliiita Caernarfon nembo adhimu ya kutawaliwa kwao. Hakukosea. Miji iliyozungushiwa kuta kando ya ngome ililetewa walowezi wa Kiingereza, na wenyeji wakawekewa vikwazo vya kuishi na kufanya biashara humo. Pale Conwy palikuwa na nyumba ya watawa alimozikwa Llywelyn Mkuu, babu yake Llywelyn aliyeuawa. Edward aliwahamisha watawa, akajenga ngome yake na mji wake papo hapo. Msomaji wa Mombasa au Kilwa hahitaji kuelezwa maana ya kitendo hicho.

Mwaka 1969 Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza, aliposimikwa Caernarfon kuwa Mwanamfalme wa Wales, wapo walioshangilia na wapo walioandamana. Siku hizi ngome hizi zinatunzwa na Cadw, idara ya serikali ya Wales yenyewe, na watalii wanaacha fedha kwenye maduka ya mji. Chuki imepoa, kumbukumbu haijafutika.

Mbona Caernarfon haifanani na zile nyingine?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Conwy na Harlech zina minara ya mviringo. Caernarfon ina minara yenye pembe nyingi, na kuta zake zimepitishwa mistari ya mawe ya rangi tofauti. Sababu yake inaanzia kwenye ndoto. Ngano ya Kiwelisi inasimulia kwamba Macsen, kaizari wa Roma, alichoka kuwinda akalala mchana, askari wakimkinga jua kwa ngao. Akaota anapanda mlima mrefu kuliko yote, anashuka mabondeni, anavuka bahari kwa merikebu, anakatiza kisiwa kizima hadi kwenye mlango wa mto, penye ngome kubwa. Ndani vijana wawili wanacheza mchezo wa kete kama sataranji. Mzee ameketi kwenye kiti cha pembe za ndovu, akichonga kete za dhahabu. Na msichana ameketi kwenye kiti cha dhahabu nyekundu. Macsen anamkumbatia, na hapo hapo mbwa, ngao na farasi wanamwamsha kwa kelele. Anaanza kukonda kwa mapenzi. Anatuma wajumbe dunia nzima, na mwishowe wanaikuta ngome ile ile, na Elen yule yule, hapo Caernarfon.

Macsen aliishi kweli. Ni Magnus Maximus, jemadari aliyeondoka Britania mwaka 383 kwenda kunyakua utawala wa Roma upande wa magharibi, akauawa 388. Na juu kidogo ya mji wa Caernarfon magofu ya ngome ya Kirumi, Segontium, yapo mpaka leo.

Edward aliijua habari hiyo. Mwaka 1283 mwili ulipatikana hapo, watu wakasema ni wa Maximus, wakamdhania kuwa baba yake Kaizari Konstantino, na mfalme akaamuru uzikwe kwa heshima kanisani. Kisha ukapanda ukuta wenye mistari na minara yenye pembe, ambao wanahistoria wengi wameona ndani yake mfano wa kuta za Konstantinopoli. Mnara mkubwa ukawekewa sanamu za tai za mawe, ndege wa Roma. Yaani mshindi aliichukua hadithi ya walioshindwa, akaijenga kwa mawe, akajiweka yeye mahali pa kaizari. Kwangu mimi huu ndio utamu wa mambo haya: ukisoma vitabu vya vita peke yake hutaielewa Caernarfon, na ukisoma ngano peke yake hutajua nani alilipa.

Ni kweli Edward aliwaahidi watu wa Wales mwanamfalme asiyejua neno la Kiingereza, kisha akawaonyesha mtoto mchanga?

Hadithi tamu, lakini inaanza kuonekana kwenye maandishi karne ya 16. Kilicho kweli ni kwamba mwanawe, Edward wa Pili, alizaliwa Caernarfon tarehe 25 Aprili 1284, na alipewa cheo cha Mwanamfalme wa Wales mwaka 1301, akiwa kijana. Chumba kinachotajwa kuwa ndimo alimozaliwa, ndani ya mnara wa tai, hakikuwepo bado.

Nasikia Harlech ina hadithi ya jitu. Ipi?

Ni ngano ya Branwen, mojawapo ya zile zinazojulikana kama Mabinogi. Tunazo kwa sababu zilinakiliwa katika vitabu viwili vya mkono vya karne ya 14 na mwanzo wa 15, lakini zenyewe ni za kale zaidi.

Inaanza hivi: Bendigeidfran, mfalme aliye mkubwa mno kuingia katika nyumba yoyote, ameketi kwenye mwamba wa Harlech akitazama bahari. Anaona merikebu 13 zikija kutoka Ireland. Ni mfalme Matholwch, amekuja kumposa Branwen, dada wa jitu. Posa inakubaliwa, karamu inafanywa kwenye mahema. Lakini Efnisien, ndugu yao wa mama mmoja, anakasirika kwamba hakuulizwa. Anakwenda kwenye farasi wa wageni na kuwakata midomo, masikio na mikia. Jambo dogo la ndugu aliyesahaulika kwenye shauri la ndoa, na nchi mbili zinaangamia. Nani kati yetu hajawahi kuona kikao cha posa kikichafuka kwa sababu hiyo hiyo?

Huko Ireland Branwen analipizwa kisasi. Anatolewa kitandani mwa mumewe, anawekwa jikoni kupika, na kila siku mchinjaji anampiga kofi. Anafuga kindege, kwezi, pembeni ya chombo cha kukandia unga, anamfundisha maneno kwa miaka mitatu, kisha anamfunga barua chini ya bawa na kumtuma kwa kaka yake. Bendigeidfran anakuja kwa miguu, anavuka bahari akitembea majini. Penye mto usio na daraja anajilaza, jeshi linapita juu yake, na anasema maneno ambayo watu wa Wales wanayatumia mpaka leo kama methali: atakayekuwa kichwa, na awe daraja.

Ngome haimo kwenye hadithi hii hata kidogo. Mwamba ulikuwepo kabla ya Edward. Nje ya lango kuna sanamu ya shaba ya mwaka 1984, kazi ya Ivor Roberts-Jones: Bendigeidfran juu ya farasi, amebeba maiti ya Gwern, mtoto wa Branwen. Wengi huipita mbio wakiwahi tiketi. Wanakosa.

Edward aliwaua malenga wote wa Wales?

Hakuna ushahidi. Lakini uzushi huu umezaa sanaa kuliko ukweli mwingi ninaoujua. Mwaka 1757 mshairi Thomas Gray alitoa shairi ambamo malenga wa mwisho anasimama juu ya jabali, anamlaani Edward na jeshi lake lote, kisha anajirusha mtoni Conwy. Wachoraji wakalipokea. Thomas Jones, mtoto wa Wales, alichora mwaka 1774: malenga mwenye kinubi mkononi, wenzake wamelala maiti nyuma yake, na kwa mbali duara la mawe kama Stonehenge. John Martin, yapata 1817, akafanya kinyume. Kwake malenga ni kijimtu kidogo juu ya jabali, bonde linatisha, jeshi linajipinda chini kama uzi, na ngome imeshasimama, ingawa kwa tarehe haikupaswa kuwepo. Hilo halimsumbui, wala mimi halinisumbui.

Kisha hadithi ikasafiri. Wahungaria waliasi utawala wa Austria mwaka 1848, wakashindwa. Kaizari Franz Joseph alipowatembelea 1857, washairi walitarajiwa kumsifu. János Arany akaandika utenzi kuhusu malenga 500 wa Wales wanaokataa kumwimbia Edward sifa na kuchomwa moto mmoja baada ya mwingine. Kila mtu alielewa ni kaizari yupi anayesemwa. Watoto wa shule Hungaria wanaukariri hadi leo.

Na kaburi la mbwa Gelert?

Liko kijiji cha Beddgelert. Mwanamfalme Llywelyn Mkuu anarudi kutoka mawindoni, anakuta kitanda cha mwanawe kimepinduka na mbwa wake, Gelert, ana damu mdomoni. Anamchoma upanga. Kisha anasikia mtoto akilia, mzima, na kando yake mbwa-mwitu aliyekufa.

Kaburi hilo linahusishwa na David Prichard, mwenye hoteli wa mwishoni mwa karne ya 18 aliyetaka wageni. Hadithi yenyewe ni msafiri mkongwe. Imo katika Panchatantra ya India, ambako mbwa ni nguchiro na mbwa-mwitu ni nyoka, na imo katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu, kwa hiyo huenda wewe uliisikia utotoni kabla ya kuisikia Wales. Ufaransa ya karne ya 13 ilikwenda mbali zaidi: karibu na Lyon wanakijiji walimfanya mbwa wa namna hiyo mtakatifu, Guinefort, wakawapeleka watoto wagonjwa kaburini kwake, hadi mtawa mmoja akaja kulivunja.

Joka jekundu la kwenye bendera limetoka wapi?

Kwenye mnara usiosimama. Maandishi ya karne ya 9 yanasimulia mfalme Vortigern aliyejenga ngome Dinas Emrys, karibu na Beddgelert hapo hapo, na kila usiku inabomoka. Mtoto mmoja anamwambia chini kuna dimbwi, na ndani yake majoka mawili, jekundu na jeupe, yanapigana. Jeupe ni Wasaksoni, mababu wa Waingereza, jekundu ni watu wa Wales, na jekundu ndilo litakaloshinda. Karne tatu baadaye Geoffrey wa Monmouth akampa mtoto huyo jina la Merlin, yule mchawi wa ngano za mfalme Arthur. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua kilima hicho miaka ya 1950 walikuta kweli pana dimbwi. Majoka hayakuwepo. Bendera ilirasimishwa 1959.

Ngazi za kuzunguka zilijengwa kuelekea kulia ili adui asiweze kutumia upanga?

Kila mtembeza wageni husema hivyo. Wazo hilo lilienea mwanzoni mwa karne ya 20, na ngazi zinazozunguka upande wa pili zipo katika ngome nyingi tu. Mafuta yaliyochemka nayo yatie chumvi: mafuta yalikuwa ghali, mawe na maji moto yalikuwa bure.

Ngome zilikuwa za giza na uchafu?

Si kama unavyodhani. Conwy bado ina mabaki ya chokaa nyeupe kwenye kuta za nje, kwa hiyo ifikirie inang'aa, si ya kijivu. Usafi? Kwenye ukuta wa mji wa Conwy kuna vyoo 12 vimepangwa mstari mmoja, vimening'inia nje ya ukuta. Vilijengwa kwa ajili ya maofisa wa mfalme. Mpiga picha yeyote mwenye akili anavitafuta kabla ya minara.

Ziliwahi kutekwa?

Ndiyo, na mara nyingine kwa aibu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1401 askari wa Conwy walikwenda kanisani mjini. Seremala akaja langoni kana kwamba anakuja kazini kama kawaida. Walinzi wawili wakauawa, na ngome iliyogharimu pauni 15,000 ikawa mikononi mwa ndugu wawili, Rhys na Gwilym ap Tudur, na watu wao wapatao 40. Kaka yao, Maredudd, ni babu wa ukoo wa Tudor uliotoa mfalme Henry wa Saba mwaka 1485, kwa hiyo hao waasi ni Tudor kabisa. Harlech ilichukuliwa na Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi huo wa Wales, mwaka 1404, akaifanya makao yake hadi 1409.

Kwa kawaida ngome hizi zililindwa na watu wachache sana. Kikosi cha Harlech enzi za James kilikuwa cha watu 36 hivi. Kuta ndizo zilizokuwa jeshi.

Fort Jesus nayo ni ngome ya Zama za Kati?

Hapana. Ilianza 1593, enzi ya mizinga. Ndiyo maana kuta zake ni nene na za chini, na pembe zake zimechomoza ili mizinga ifagie pande zote. Ukuta mwembamba na mrefu kama wa Conwy ungevunjwavunjwa. Ukitaka jengo la kwetu la rika moja na Beaumaris, nenda Kilwa Kisiwani ukaitazame Husuni Kubwa, jumba la Sultan al-Hasan ibn Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Lina jina la ngome, ila ni kasri, na birika lake la pembe nane ni anasa ambayo Edward hakuwa nayo.

Nataka kuzichora. Nianze na nani?

Na Turner, mchoraji wa Kiingereza. Alizunguka Wales akiwa kijana miaka ya 1790, wakati vita na Ufaransa vilipowafungia Waingereza safari za Ulaya. Mwaka 1799 alionyesha Caernarfon kwa rangi za maji, jua likizama nyuma ya minara, na mwaka uliofuata akaichora tena kwa mbali, malenga akiwa mbele anaimba. Tazama anavyoficha mawe: haonyeshi tofali moja moja, anaonyesha mwanga unaopita kati ya minara. Anayeanza huchora kila jiwe na kupata ukuta uliokufa. Simama ng'ambo ya mto Seiont jioni, chora umbo zima kwanza.

Nina siku moja tu. Niende ipi?

Conwy. Kituo cha treni kiko ndani ya kuta za mji, ngome iko hatua chache, na unaweza kutembea juu ya kuta za mji zenye urefu wa kilomita 1.3. Nyumba za watu, nguo zilizoanikwa, hata paka, utaviona kutoka juu, maana mji unaishi. Daraja la Thomas Telford la 1826 lina minara iliyoigiza ngome. Wengine wanalipenda, mimi naona limezidisha. Caernarfon iweke siku ya pili, na tangu 2023 ina lifti kwenye lango la mfalme. Mwenye magoti mabaya asiyependa ngazi kabisa aende Beaumaris, ambako uwanja wote uko tambarare.